Jibu: Bonde Takatifu la Wainka kwa siku moja, inatosha?

Mkuu, umeuliza kama ile safari ya siku moja ya basi na mwongozaji kutoka Cusco, kule Peru, inafaa, au ujizungukie mwenyewe. Inafaa, ila uliza kwanza mnakaa muda gani Ollantaytambo, mji wenye ngome ya kale ya Wainka. Sisi tulipewa dakika hamsini tu, baada ya kupotezewa muda mrefu kwenye duka la vito. Iliniuma, maana pale ndipo penye utamu wenyewe: juu kabisa kuna majabali sita makubwa yamesimamishwa ubavu kwa ubavu, na mawe hayo yalichongwa mlima wa ng'ambo ya mto, yakashushwa na kuvushwa bila gurudumu. Kwenye ngome hiyohiyo, mwaka 1537, Manco Inca, mfalme wa Wainka, aliwarudisha nyuma wavamizi wa Kihispania walioongozwa na Hernando Pizarro.

Vituo vingine vya bondeni: Pisac ni matuta ya kilimo na soko. Chinchero wapo akina mama wafumaji. Watakuonyesha wekundu unaotoka kwa vidudu vya kwenye dungusi, wakikamulia limau rangi inageuka mbele ya macho yako. Ukinunua kitambaa, nunua hapo.

Tiketi ya pamoja ya kuingilia magofu, boleto turístico, mara nyingi haimo kwenye bei ya safari. Mabwawa ya chumvi ya Maras yana kiingilio chake.

Halafu usiende siku ya kwanza ya kufika Cusco. Cusco ni mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari na Chinchero ni juu zaidi, hewa ni nyembamba, kichwa kitakugonga. Mimi ningelala Ollantaytambo, treni ya Machu Picchu inapita hapohapo.