Johnny Dollar hakuwa mtu mmoja

Ndugu, umeuliza kwa nini sauti ya Johnny Dollar, yule mpelelezi wa mchezo wa redio, inabadilika kutoka kipindi kimoja hadi kingine. Si kanda zilizoharibika, ni waigizaji tofauti. Mchezo wenyewe, "Yours Truly, Johnny Dollar", ulianza kwenye shirika la utangazaji la CBS, Marekani, Februari 1949, na Charles Russell ndiye aliyekuwa wa kwanza. Baadaye wakaja Edmond O'Brien, kisha John Lund, na mwaka 1954 ukasimama.

Uliporudi Oktoba 1955, mtayarishaji Jack Johnstone alimleta Bob Bailey, na hapo ndipo ulipopata roho. Kisa kimoja kilikatwa vipande vitano vya dakika 15, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo mashahidi walipata nafasi ya kuongea kama watu, na Dollar akapata muda wa kuchoka, kukasirika na hata kuhurumia. Anzia hapo, tafadhali.

Kinachonivutia zaidi ni muundo wake. Dollar ni mpelelezi wa bima kutoka Hartford, na kisa chote ni hesabu ya matumizi anayoiandikia kampuni: nauli ya teksi, tiketi ya ndege, chakula cha jioni na shahidi. Kila senti inafungua tukio jipya.

Mwaka 1960 utayarishaji ulihamishiwa New York, Bailey akabaki Hollywood. Bob Readick akashika nafasi, halafu Mandel Kramer, mzuri kweli, hadi kipindi cha mwisho tarehe 30 Septemba 1962.