Herpesi na asiklovia: kabla hujaongeza dozi

Dada uliyeuliza kama uongeze vidonge vya asiklovia, dawa ya herpesi, kwa sababu malengelenge yamerudi muda mfupi baada ya kumaliza dozi, na kama ni salama kuvimeza pamoja na diklofenaki ya maumivu ya mgongo: usiongeze kwa kukisia, na habari ya diklofenaki mwambie daktari kwanza kabisa. Nakujibu kama mama anayeishi na herpesi ya sehemu za siri hapa Nairobi tangu ujana wake, na ambaye sasa ana watoto shule ya upili.

Malengelenge kurudi si lazima dawa iwe feki au dozi iwe ilikuwa ndogo. Kirusi kikishaingia mwilini hujificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, na humo dawa haikitoi. Asiklovia hukizuia kuzaliana kinapoamka, basi. Anayekuuzia chupa ya mitishamba ya "kusafisha damu" mpaka kipimo kisionyeshe kitu, mwache apite na chupa yake. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, na hizo hukaa miaka hata kama hujaota kipele kimoja.

Kinacholeta tofauti ni kuwahi. Wengi wetu mwili hututahadharisha mapema: mimi huanza na ganzi inayochonyota pajani, halafu mwasho. Hapo ndipo pa kumeza kidonge cha kwanza, ama angalau ndani ya siku ileile vipele vinapotokeza. Nikisema nisubiri ruhusa kazini, nipande matatu hadi mjini, nipange foleni, vidonda vitakuwa vimeshapasuka na dawa haina kazi kubwa tena. Ndiyo maana daktari wangu huniandikia ya akiba nikae nayo nyumbani. Mwombe wako vivyo hivyo.

Sasa dozi, maana hapa ndipo watu hupotezwa. Mtu mzima mwenye figo nzima, mara ya kwanza kabisa kuugua, kwa kawaida hupewa miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku 7 hadi 10. Ikirudi, 400 mara tatu kwa siku, siku 5. Anayesumbuliwa kila mara anaweza kuwekwa kwenye 400 mara mbili kila siku. Mkanda wa jeshi nao hutibiwa kwa dawa hiihii, ila ni 800 mara tano kwa siku, na kuna kemisti mmoja mjini alitaka kuniandikia hiyo juu ya paketi yangu. Nilipomuuliza ananitibu ugonjwa gani, akarudi kwenye simu yake kusoma upya. Kwa hiyo taja ugonjwa wako waziwazi, hata kama kuna watu nyuma yako kwenye foleni. Tena kuna valasiklovia, ambayo ni ghali zaidi lakini vidonge ni vichache, kwa kuwa mwili huifyonza vizuri na kuigeuza kuwa asiklovia. Ukizimeza zote mbili umejizidishia dawa moja. Krimu kwa sehemu za siri sioni faida yake, pesa hiyo nunulia vidonge.

Turudi kwa figo. Dawa hii hutoka kwa mkojo. Usipokunywa maji ya kutosha inaweza kuganda chembechembe ndani ya figo, na diklofenaki au ibuprofeni huzibebesha figo hizohizo mzigo mwingine. Kwa maumivu ya vidonda mimi hutumia parasetamoli na kukaa kwenye beseni la maji vuguvugu. Mwenye shida ya figo, mzee, mwenye kisukari au presha ya siku nyingi, apimwe kreatinini kwanza, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kwani huenda akahitaji dozi ndogo. Dawa ikimrundikia mtu wa namna hiyo anaweza kuchanganyikiwa, kutetemeka, hata kuona visivyokuwepo, na ndugu wakaanza kumtafuta mchungaji badala ya ambulensi. Kichefuchefu kidogo na kuumwa kichwa ni kawaida. Mkojo ukipungua, kiuno kikiuma vikali, au uso ukivimba, acha dawa uende hospitali.

Kama unatumia ARV zenye tenofovia, waambie kliniki, kwa sababu nayo hupitia figo. Na usidhani asiklovia itamkinga mwenzako na HIV. Utafiti uliochapishwa 2010, wenye wapenzi kutoka Kenya pia, ulionyesha kwamba kumpa mwenye HIV asiklovia kila siku hakukupunguza maambukizi kwa mwenzake. Kwa herpesi yenyewe, valasiklovia miligramu 500 kila siku hupunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenzi kwa karibu nusu. Nusu iliyobaki ni ya kondomu na ya kulala mbalimbali dalili zinapoonekana. Kirusi hutoka hata pasipo kidonda.

Mimba je? Hukuuliza, lakini wengine humu watasoma. Usimfiche mkunga. Nikiwa na mtoto wa pili nilianzishiwa asiklovia kuanzia wiki ya 36 ili vidonda visitokee wakati wa uchungu, nikajifungua kwa njia ya kawaida. Hatari kubwa kwa mtoto ni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imekomaa, kwa hiyo baba mwenye herpesi naye aseme.

Kama yako hurudi kila baada ya wiki chache, uliza kuhusu ile ya kila siku. Mimi niliitumia, baadaye daktari akaisimamisha tuone, na sasa natibu dalili tu. Ukiona haya hospitali ya mtaani kwenu, kliniki ya Casino pale River Road imezoea magonjwa haya. Beba paketi za dawa zote unazomeza, na ya mgongo iwe juu.