Mwili kushtuka si ushahidi: usiende polisi kesho

Dada, usiende polisi kesho. Unasema ulipopishana na kijana yule kwenye kituo cha basi mwili wako ulisisimka kabla hujajua sababu, na kwamba msisimko huo unatosha kuthibitisha kuwa ndiye aliyekupora mkoba. Kisha unauliza ubongo hutambuaje sura bila sisi kujua, na kama uwezo huo hunolewa.

Mimi nilisisimka hivyo hivyo. Wiki tatu baada ya kuporwa simu nilimwona mtu stendi, malaika yakanisimama, nikamnyooshea kidole mbele ya kadamnasi. Alilala mahabusu siku mbili, ndipo ikabainika kuwa ni yule aliyekuwa akinikatia nyama buchani kila Jumamosi, ila siku hiyo hakuvaa koti lake jeupe. Jirani yangu, bingwa wa mambo yote asiyoyasomea, ndiye aliyenisukuma kwa kusema kwamba moyo haudanganyi, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kunicheka. Tangu hapo nanunua nyama mtaa wa tatu. Nauli naihesabu kuwa faini.

Baadaye nilisoma kwamba mwanasaikolojia George Mandler aliandika mwaka 1980 juu ya mtu anayemwona muuza nyama wake ndani ya basi, akajua kwamba anamfahamu lakini asijue anamfahamia wapi. Nilihisi ameniandika mimi, isipokuwa wa kwake hakulala mahabusu. Ubongo huanza kuupambanua uso kwa takriban sekunde 0.17, na hisia ya kumfahamu mtu inaweza kuja peke yake, huku kumbukumbu ya wapi na lini ikichelewa au isifike kabisa. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Russell Bauer alieleza habari za mgonjwa asiyeweza kutambua sura, ambaye alipoonyeshwa picha ya mtu anayemfahamu, ngozi yake iliitika jina sahihi lilipotajwa, ingawa yeye mwenyewe hakuweza kulichagua. Ngozi ilijua, lakini ngozi haisemi ulimwona wapi.

Huko Australia, mwanasaikolojia Donald Thomson alitambuliwa na mwanamke kuwa ndiye aliyembaka, kumbe wakati wa tukio alikuwa akihojiwa moja kwa moja kwenye televisheni, na mwanamke huyo alikuwa akiitazama.

Basi kabla hujamtaja mtu, andika kila mahali ambapo ungeweza kuwa umemwona. Umesema unapita kituoni hapo kila asubuhi. Je, kijana huyo huuza nini hapo?