Maswali ya Wasomaji: Mnyanya wangu wa kwenye kompyuta haufanani na mnyanya

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta hapa Moshi. Nimeandika programu ya kuotesha mmea kwenye skrini: kila ncha inagawanyika mara mbili, na hizo mbili zinagawanyika tena. Nilitaka mnyanya, lakini natoa kitu kama mti wa kiangazi, na maua yote yanachanua juu kwa wakati mmoja. Nimekosa nini? (Msomaji, Pasua)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Umeanza vizuri. Njia hiyo ya kuandika kila sehemu ya mmea kwa herufi, kisha kubadilisha herufi zote kwa pamoja, raundi baada ya raundi, ilibuniwa mwaka 1968 na Aristid Lindenmayer, mwanabiolojia mzaliwa wa Hungaria, akianza na viumbe vya nyuzinyuzi kama mwani. Baadaye Przemyslaw Prusinkiewicz, wa Chuo Kikuu cha Calgary huko Kanada, aliitumia kuchora mimea mizima.

Tatizo ni kwamba mnyanya haugawanyiki pacha. Tangu nistaafu kufundisha biolojia ninalima nyanya hapa Tengeru, na jambo hili hunifurahisha kila msimu. Shina la kwanza hutoa majani, kwa kawaida 8 hadi 12, kisha ncha yenyewe inageuka kichala cha maua. Imeishia hapo. Kinachoendelea kupanda ni chipukizi la kwapani mwa jani la juu kabisa, nalo hutoa majani 3, linaishia kwenye kichala, na chipukizi jingine linashika zamu. Kila moja hukisukuma kichala pembeni, ndiyo maana sisi tunaona shina moja lililonyooka.

Kwa hiyo andika hivi: N → J J J [U] N. N ni ncha, J jani, U kichala; mshale unasema kila raundi N ibadilishwe iwe vyote vilivyo kulia kwake. Mabano yanaiambia kompyuta ichore kichala, kisha irudi pale ilipokuwa. Halafu mpe kila U umri wake: ua, tunda bichi, tunda jekundu. Hapo vichala vya chini vitaiva wakati vya juu ndiyo vinachanua, kama ilivyo shambani.

Makwapa ya chini nayo yana machipukizi, yale tunayoyapogoa kila wiki. Usiyaweke sasa. Ncha hutuma homoni iitwayo auksini kwenda chini, nayo huyazuia kwa kiasi. Hilo linataka kanuni yake ya peke yake.

Nyanya fupi zisizohitaji mti wa kuegemea zina jeni ya SP iliyobadilika, na mmea wa kwanza wa namna hiyo ulionekana Florida, Marekani, mwaka 1914. Kwao majani kati ya vichala hupungua hadi vichala viwili vinafuatana na shina linakoma.

Nakusihi usitegemee picha. Nenda kwenye shamba lolote la nyanya hapo jirani, omba ruhusa, uhesabu majani kati ya vichala kwenye mimea mingi kadiri uwezavyo. Hutapata 3 kila mara. Tofauti hizo ziingize kwenye programu kama bahati nasibu, kwa uwiano uleule uliouhesabu, kisha niandikie ulichopata.