Kidole kikifa ganzi, funga kasha la fidla (kwa mleta uzi wa masaa 8)

Mleta uzi, sijamaliza hata kusoma maswali yako ya fidla (upinde gani, ujiunge na kwateti au la, muda wa nadharia uugawe vipi). Nimefika pale ulipoandika, kwa kupita tu, kwamba kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto "kinashika ganzi kidogo jioni ila nakaza, mtihani wa onyesho uko wiki 6 mbele na nimepandisha mazoezi hadi masaa 8", nikaweka simu chini nikazunguka chumba mara mbili. Narudi nakuta watu 4 wamekujibu, wote wanabishana upinde gani (ule wa kukwaruzia nyuzi) unafaa mwanafunzi wa mwaka wa 2 na kama ujiunge na kwateti, yaani kundi la wapigaji 4. Upinde! Mtu shati linawaka moto mgongoni, nyie mnajadili vifungo vyake.

Funga kasha. Leo. Na usiniambie "nimalizie skeli kwanza" (zile ngazi za nota za mazoezi), hiyo "kwanza" naijua, imenila miezi 5.

Mimi ni mpiga fidla. Nilianza nikiwa na miaka 7, nikaingia chuo kusomea muziki wa klasiki nikijiona nimeshafika. Mwaka wa 3 nikapangiwa onyesho la mtihani: Partita ya 2 ya Bach katika D maina, msururu wa vipande vya fidla peke yake, ile inayoishia na kipande kirefu kiitwacho Chaconne, kisha konseto ya Mendelssohn katika E maina, mpiga piano akishika nafasi ya okestra, halafu kaprisi moja ya Paganini, kipande cha kuonyesha ufundi, kwa sababu nilitaka sifa. Hakuna aliyenilazimisha hiyo kaprisi. Chaconne peke yake ni kama robo saa ya kushika nota mbili, tatu, nne kwa mkupuo bila pa kupumulia, na mimi nikaona haitoshi.

Sasa chumba cha mazoezi cha jirani yangu kulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mpiga fidla hodari kweli, sipingi. Siku moja nikamlalamikia mkono unauma. Akacheka, akaniambia mkono unaouma ndio mkono unaojifunza, yeye anapiga masaa 8 kila siku, na kwamba "utafiti umethibitisha" bila masaa 10,000 hakuna mpiga fidla. Tulifundishwa wadogo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu neno kwa neno, nikavunjika mkono. Bora angesema "saa nane" nikaelewa ni saa nane mchana, muda wa kufunga kasha. Leo ningekuwa mzima.

Na huo utafiti niliusoma baadaye, nikiwa sina la kufanya, nikakasirika upya. Ni wa Anders Ericsson na wenzake, 1993, kwa wanafunzi wa fidla kwenye chuo cha muziki Berlin. Wale bora kabisa walikuwa wanafanya mazoezi ya peke yao kama masaa 3 na nusu kwa siku. Si 8! Tena waliyagawa vipande vya saa moja na kidogo na kupumzika katikati, na walikuwa wanalala mchana zaidi ya wenzao. Masaa 10,000 ni wastani wa waliyokuwa wamekusanya kufikia miaka 20, tangu utotoni, siyo deni ulilipe kabla ya mtihani. Yule bwana alichukua namba moja kwenye karatasi nzima, akaacha habari ya kulala. Na mimi, msomi wa chuo kikuu, sikuuliza.

Halafu sikiliza hesabu yenyewe, maana hapa ndipo nilipojichinja kwa mkono wangu (uliobaki). Nilikuwa nahesabu masaa 8 ya chumba cha mazoezi tu. Sikuhesabu okestra, masaa 3 jioni, mara 3 kwa wiki. Sikuhesabu somo na mwalimu. Sikuhesabu wanafunzi wangu wadogo niliokuwa nawafundisha ili nipate hela ya kujikimu, ambao nusu ya somo nawaonyesha kwa kupiga mwenyewe. Kuna siku mkono wa kushoto ulikaa juu masaa 12. Ratiba ukutani iliandika "okestra", "kufundisha", "mazoezi" kwa rangi tofauti, nzuri ajabu. Kiwiko hakijui rangi.

Wiki ya 1 ganzi ilikuja usiku, ikaondoka nikikunjua mkono. Wiki ya 2 nikaamka nayo asubuhi. Wiki ya 3 kidole cha 4 (kwenye fidla gumba halihesabiwi, kwa hiyo ndicho hicho cha mwisho) kikaanza kuchelewa. Nabonyeza okteva, nota mbili kwa pamoja, kidole cha chini kimefika, cha juu bado kiko njiani, sauti inatoka chini ya nota. Mtu mwenye akili angesema hapo kuna tatizo la mwili. Unajua mimi nilisema nini? Nilisema kidole kivivu. Nikakiongezea mazoezi ya peke yake! Nusu saa kila asubuhi, trili (kupishanisha nota mbili upesi upesi) za kidole cha 3 na cha 4, nguvu, metronomu, ile saa ya mapigo, inapanda. Neva, yaani mshipa wa fahamu, inalia inaomba maji, mimi naipa viboko. Hili ndilo kosa lililonigharimu kuliko yote, zaidi ya yale masaa 8 yenyewe, na ndilo ninaloliona kwenye maandishi yako: hiyo "nakaza".

Wiki ya 5 nikashindwa kufunga vifungo vya shati. Funguo zinadondoka. Nikawa nabana taya na kuinua bega la kushoto kuusaidia mkono, kwa hiyo shingo nayo ikajiunga na mgomo. Mwalimu wangu akaniangalia akasema anapenda bidii yangu. Sikumwambia kitu. Nilikuwa naogopa akijua ataninyima onyesho, na kiti changu kwenye fidla za kwanza za okestra kitapewa mtu. Lakini na yeye, jamani, mtu wa miaka yote hiyo kwenye kazi, unamwona mwanafunzi bega limefika sikioni, unasifia bidii?

Zikabaki siku 9. Mazoezi ya mwisho na mpiga piano. Nikameza dawa za maumivu alizonipa mwenzangu wa chumba (usicheke, au cheka, mimi nacheka sasa). Mendelssohn ikapita. Tukapumzika, nikaanza Chaconne kumpigia yeye tu asikie. Nikafika kwenye zile arpeggio ndefu za katikati, nota za kodi zinazopigwa moja baada ya nyingine, kidole cha 4 hakikuja. Sisemi kiliuma, dawa zilishamaliza kuuma. Hakikuja tu, kama unaita mtu kwenye nyumba ambayo ameshahama. Mpiga piano akajua kabla yangu. Akafunika kibodi taratibu, akasema, "Ndugu yangu, nenda hospitali."

Daktari alinipima umeme wa neva. Ni neva ya alna, inayopita nyuma ya kiwiko, pale pale ukijigonga kwenye mlango unaruka na mkono unawaka hadi kidoleni. Akaniambia niigize ninavyoshika fidla. Nikakunja kiwiko, nikageuza kiganja kinitazame. Akasema basi, jibu ndilo hilo: kiwiko kikikunjwa neva inavutwa na kubanwa, na mimi nilikuwa naiweka hivyo masaa 12, kisha usiku nalala nimekunja mkono huohuo chini ya mto. Kidole cha mwisho na nusu ya kile cha jirani yake kufa ganzi ni sahihi ya neva hiyo. Akauliza ilianza lini. Nikasema wiki 7 zilizopita. Akaweka kalamu chini. Sitasahau ile kalamu. Akasema ningekuja wiki ya 1 tungezungumzia kupunguza mazoezi na kulala mkono umenyooka, labda wiki chache.

Wiki chache! Badala yake: miezi 5 bila fidla, kifaa cha kuzuia kiwiko kisikunjwe usiku, fiziotherapia, mtihani ukasogezwa mwaka mzima. Kiti cha okestra kikapewa mtu, kile kile nilichoficha ugonjwa kukilinda. Wanafunzi wangu wadogo wakapata mwalimu mwingine na hawakurudi. Niliporuhusiwa kushika fidla tena, nilipewa dakika 5 kwa siku, na saa ya kuhesabia juu ya stendi. Dakika 5! Kufungua kasha, kukaza upinde, kupaka ulimbo na kulinganisha nyuzi ni zaidi ya hapo. Siku ya 3 nilipiga skeli moja ya G nikalia kama mjinga.

Najua kuna mtu atakuja hapo chini aseme wakubwa walivumilia. Wakubwa gani? Robert Schumann aliuharibu mkono wa kulia akiwa kijana, miaka ya mwanzo ya 1830, na ndoto ya kuwa mpiga piano ikaishia hapo. Utasema akawa mtunzi mkubwa. Sawa, mimi nilijaribu njia hiyo nikiwa nyumbani na kifaa changu cha kiwiko: nikatunga, mwalimu wa hamonia akanirudishia karatasi imejaa wino mwekundu juu ya kila kwinti sambamba, kosa linalokatazwa kwenye hamonia. Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani, vidole vya mkono wa kulia vilianza kujikunja katikati ya miaka ya 1960, ugonjwa mwingine kabisa na wangu lakini mlango ni ule ule, miaka kama 30 akapiga kazi za mkono wa kushoto. Sikutishi. Ndiyo, nakutisha.

Kanuni yangu ni moja na nimeiandika ndani ya kifuniko cha kasha: ganzi ikija, kasha linafungwa kwa siku hiyo. Haijalishi ni dakika ya 10 au kama kondakta anaangalia. Ikija mara 2 ndani ya wiki, daktari, na siyo mwanafunzi wa chumba cha jirani. Mengine yote yametoka humo. Napiga dakika 25 naweka fidla chini, mkono unaning'inia. Okestra inahesabiwa, kufundisha kunahesabiwa, siku ya okestra chumba cha mazoezi kinapata saa moja tu. Jumla ikifika masaa 4 nimemaliza, hata kama kuna ukurasa unanidai. Na namwambia mwalimu kila kitu, hata asipouliza.

"Sasa wiki 6 nitamaliza vipi programu?" Nilijua utauliza. Miezi ile 5 niliisoma Chaconne nzima nimelala chali, karatasi usoni, nikiimba kimoyomoyo na kuchagua vidole kichwani: hapa pozisheni ya 3 (mkono umepanda kwenye shingo ya fidla), hapa kidole cha 2 kinabaki chini. Mwanzoni unaona ni mchezo wa kuigiza. Niliporudi kupiga, sehemu zilizonisumbua mwaka mzima zilikuwa zimetulia, kwa sababu kumbe sikuwahi kujua nota gani inafuata, vidole ndivyo vilikuwa vinakisia kwa kasi. Nusu ya masaa yangu 8 ilikuwa kurudia kosa lile lile kwa sauti kubwa. Kwa hiyo chukua karatasi, penseli, kaa mbali na fidla. Na kama kuna kazi moja kwenye programu yako uliyoiweka kwa ajili ya sifa, ikate kesho asubuhi, mwambie mwalimu ukweli. Wengi hukubali kubadilisha programu wiki 6 kabla. Siku 9 kabla, walinikatalia.

Mimi si daktari, huenda yako ni nyingine, huenda ni shingo au ni namna unavyolala. Ndiyo maana nasema uende, siyo usubiri tukuchambue hapa.

Haya, maswali yako. Upinde: tumia ulio nao. Kwateti: jiunge, inafundisha kusikiliza kuliko okestra, lakini masaa yake yanaingia kwenye hesabu. Kugawa muda wa nadharia na historia ya muziki: mwaka ule nilipata alama za juu kabisa za nadharia maishani mwangu, maana kitu pekee nilichoruhusiwa kushika ni penseli, kwa mkono wa kulia. Sikushauri njia hiyo. Kulikuwa na swali jingine, la makelele ya mwenzako wa chumba au la kumwomba mwalimu barua, sikumbuki na sirudi juu kutafuta.

Nenda kapimwe, uje uandike hapa walichosema. Na kama sasa hivi unasoma haya umelala, simu kwenye mkono wa kushoto na kiwiko kimekunjwa, hamishia simu mkono wa kulia.