Gari zito ukikanyaga mafuta

Ndugu, gari la petroli linalonguruma vizuri likiwa limesimama lakini likawa zito ukikanyaga mafuta kupanda mlima, mara nyingi linakosa hewa au mafuta ya kutosha. Tafadhali usikubali kuuziwa injini wala gia boksi kwanza! Fungua ea klina, yaani chujio la hewa inayoingia kwenye injini. Ikiwa nyeusi, badilisha. Kisha fundi apime presha ya mafuta gari likiwa linavuta, si likiwa limesimama tu, maana pampu iliyochoka au filta ya mafuta iliyoziba huonyesha presha nzuri injini isipokuwa na kazi, halafu presha inaanguka pale mafuta mengi yanapohitajika. Sensa ya hewa, inayopima hewa inayoingia kwenye injini, ikichafuka nayo huipa kompyuta ya gari vipimo vya uongo. Isafishwe kwa dawa yake maalumu, isifutwe kwa kitambaa.

Likitetemeka au kukatakata, tazama plagi zinazotoa cheche na koili zinazozipa umeme. Taa ya injini ikiwaka na kuzima mfululizo, punguza mwendo, usililazimishe: kuna silinda haichomi mafuta, na petroli isiyoungua inaharibu katalisti, kifaa kinachosafisha moshi kwenye eksozi. Katalisti ikishaziba, nguvu inapotea kabisa, na hicho ni kifaa ghali kuliko plagi zote.