Kabla hujasoma Timeline, jua kwanza maoni ya kusikiliza na ya kuyaacha

Kila nikimpendekezea mtu Timeline ya Michael Crichton, kitu cha kwanza anachofanya ni kwenda kuangalia wasomaji wengine wanasemaje, halafu anarudi kwangu kachanganyikiwa kabisa. Mmoja kaandika hakulala usiku kucha, mwingine kakiacha njiani, wa tatu anasema wahusika hawana uhai. Na wote wana haki yao. Mimi kitabu hiki nimekirudia zaidi ya mara moja na maoni yake nimesoma mengi sana, ya kusifia na ya kuponda, kwa hiyo nikupe namna ninavyoyachuja mimi, usije ukapitwa na riwaya tamu au ukajilazimisha kusoma kitabu ambacho sio chako.

Kwa asiyekijua kabisa, kilitoka 1999, miaka tisa baada ya Jurassic Park ya huyu huyu bwana. Kuna timu ya wanahistoria na wanaakiolojia wanachimbua magofu ya zama za kati kwenye bonde la mto Dordogne, kusini magharibi mwa Ufaransa. Profesa wao anaondoka kwenda kuwahoji wafadhili wao, kampuni inaitwa ITC, iko New Mexico kule Marekani, halafu huku nyuma vijana wake wanafukua sehemu ambayo haijaguswa karne na karne wanakuta lenzi ya miwani ya kisasa na ujumbe wenye mwandiko wake mwenyewe, anaomba msaada, na tarehe aliyoandika ni ya mwaka 1357! Basi ITC inawapeleka kumfuata kwa mashine yake ya kurusha watu zamani, na wana saa 37 tu za kumpata na kurudi naye.

Sasa maoni. Malalamiko mengi utakayoyakuta ni ya mwanzo wa kitabu. Watu wanasema wameahidiwa panga na ngome, wanapewa somo la fizikia ya kwanta (ile ya vitu vidogo kuliko atomu), mikutano ya ofisini na wazee wa kampuni wakijibizana. Ni kweli mwanzo ni mrefu, Crichton alisomea udaktari na alipenda kueleza mashine mpaka uone kama ipo kweli. Ushauri wangu, kama fizikia haikuvutii zisome hizo kurasa haraka haraka lakini usiziruke, na ushike mambo mawili tu, kwamba mtu anaporushwa huko na kurudishwa mwili wake unapata makosa madogo madogo yanayoongezeka kila safari, na kwamba kampuni inajua hilo na inaficha. Hayo mawili yatakurudia mbele kwa nguvu sana na aliyeruka kurasa anaishia kuuliza maswali ambayo yalishajibiwa.

Kuna kundi lingine la wasomaji, hawa ni wakali na nawaheshimu, wanashika mantiki. Kampuni inasema hawasafiri kwenye wakati, wanakwenda kwenye ulimwengu mwingine unaofanana na ule wetu wa zamani. Sasa wanauliza, kama ni ulimwengu mwingine ule ujumbe wa profesa umefikaje kwenye udongo wa kwetu? Hoja ni nzito na kwa maoni yangu maelezo yaliyomo kitabuni hayatoshi. Lakini ukishafika 1357, unawaona watu wamezungukwa na wapiganaji wenye deraya na muda unayoyoma, swali hilo halikusumbui tena mpaka umemaliza. Kama wewe ni mtu ambaye tundu moja la mantiki linakuharibia kila kitu basi hapa waamini wakosoaji, achana nacho.

Maoni yanayoniuma ni ya wahusika, maana nusu nakubali nusu nakataa. Bosi wa ITC, Robert Doniger, kweli ni mbaya mwanzo mwisho, hana upande wa pili. Na Kate, mmoja wa vijana wa profesa, kazi yake kubwa ni kupanda kuta na mapaa, ingawa kurasa za yeye juu ya dari ni kati ya zinazonipa presha kuliko zote. Lakini anayesema hakuna anayebadilika hajamwangalia Chris, mwenzake Kate, vizuri. Anaanza ni kijana wa kujipenda, mwoga, analia lia mapenzi, amesoma zama za kati kwenye vitabu miaka na miaka halafu anafika huko anaokota glavu iliyotupwa chini na mtu, kumbe kwa desturi ya watu wale amekubali kupigana naye kwa mikuki juu ya farasi!! Msomi wa historia kabisa huyo. Hapo ndipo unaona tofauti ya kusoma juu ya watu na kukaa kati yao, na kuanzia pale Chris anakua kwa lazima, ukurasa kwa ukurasa.

Halafu Marek, naye wa timu hiyo hiyo. Huyu ndio sababu nakirudia kitabu. Wenzake walimwona anapitiliza, anajifunza upinde, anajifunza kupigana juu ya farasi, anajifunza Kioksitani cha zamani, lugha ya kusini mwa Ufaransa, kumbe alikuwa anajiandaa kwa nchi ambayo hakujua kama atawahi kuiona.

Kitu ambacho maoni mengi hayakwambii, na mimi nakusihi sana, kabla hujafungua kitabu tenga nusu saa usome Ufaransa ilikuwa kwenye hali gani mwaka ule. 1357 haukuchaguliwa ovyo. Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa vilianza 1337, tauni ilipita 1348 ikaua watu wasiohesabika, halafu Septemba 1356 pale Poitiers jeshi la Uingereza likamkamata mfalme mwenyewe wa Ufaransa, Jean wa Pili, akapelekwa London. Nchi ikabaki haina mwenyewe. Askari wa kukodiwa ambao hawana vita ya kulipwa wakawa wanazunguka vijijini wanapora na kuteka ngome. Ukilijua hilo unaelewa kwanini kila mtu kitabuni anamshuku mwenzake na kwanini mgeni asiyejulikana anaweza kukatwa kichwa kwa neno moja. Ngome za Castelgard na La Roque ni za kutunga usizitafute kwenye ramani, ila Arnaut de Cervole, yule anayeitwa Padri Mkuu, alikuwepo kweli, kiongozi wa hao hao askari wa kukodiwa. Na kwenye Dordogne halisi ngome za Beynac na Castelnaud mpaka leo zinatazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto, angalia picha zake, zitakusaidia kuona kichwani anachokieleza.

Wapo wasomaji wanaolalamika damu ni nyingi. Ni nyingi kweli, kwa hiyo usimpe mtoto wa darasa la tano. Lakini kitabu hakiwachori watu wa zama zile kama washenzi waliokaa gizani, kinawaonyesha ni wajuzi, wana sheria zao, adabu zao, mafundi wa mawe na wa baruti, na hilo ndilo lililonifurahisha mimi kama msomaji wa pwani. Maana karne hiyo hiyo, 1331, msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa akauona ni kati ya miji mizuri, na bado shuleni wengi wetu tulimaliza tukidhani zama za kati ni za wazungu na farasi wao tu. Nikimaliza Timeline huwa natamani sana mtu wa kwetu aandike riwaya ya vijana wa leo wanaojikuta Husuni Kubwa, kasri la Kilwa, enzi ya sultani al-Hasan bin Sulaiman. Mwenye kipaji alichukue wazo hili, silidai.

Sasa nitafichua mwisho, kama hutaki kujua ishia hapa.

Ugomvi mkubwa kabisa wa wasomaji ni Marek kubaki. Wengine wanarudi, yeye anachagua kuishi huko na Bibi Claire, mwanamke wa zama zile. Kuna wanaosema ni upuuzi, mtu gani anaacha dawa za meno na antibayotiki kwa mapenzi ya siku mbili? Mimi nasema rudi ukasome kurasa za mwanzo zote alizomo. Mapenzi ya Claire ni sehemu tu, huyu mtu alikuwa ameshahamia huko kwa moyo miaka kabla ya mashine. Ndio uamuzi pekee kwenye kitabu kizima ambao mwandishi aliuandaa taratibu bila haraka, na wenzake wanapokuja kulikuta kaburi lake mimi huwa nafunga kitabu kidogo kabla sijaendelea.

Filamu ya 2003 ya Richard Donner ukiikuta isikupe picha ya riwaya. Huko Chris wamemfanya mtoto wa profesa, na ule ugumu wa kuishi kati ya watu usiowajua, lugha na desturi zao, umepungua sana. Soma kwanza.

Na kama umejaribu ukaona mbio zimezidi, unataka kukaa kijijini na watu wa zama za kati uwajue kwa majina mpaka uwalilie, basi kitabu chako ni Doomsday Book ya Connie Willis, cha 1992, mwanafunzi wa Oxford anapelekwa mwaka 1320 na kwa makosa anaangukia 1348, tauni ikiwa inaingia. Hicho kinakwenda polepole sana, ila usikianze kama umetoka kufiwa karibuni.